Msituni Hakuna Mstari wa Bahari: Shule ya Kuchora Kibale, Uganda

Daftari langu la safari limerudi limevimba kama mkate wa kumimina uliozidi hamira. Kurasa zimegandana, wino umetembea, na bei nyingi nimezikusanya upya kutoka kwenye risiti zilizosalia mfukoni, picha za simu na sauti ambazo wanafunzi walikuwa wakinitumia kwa WhatsApp. Ukiona siku imerukwa, ama haikuwa na jipya au ukurasa wake haufunguki.

Nafundisha kuchora Mombasa, chumba cha ghorofani chenye madirisha mawili, wanafunzi wa jioni. Kila Agosti nakifunga chumba na kuwatoa nje. Tumeshachora magofu ya Gede na madau ya Shimoni, na mwaka juzi tulikaa chini ya miti ya kaya moja ya Kwale, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, kwa idhini ya wazee. Safari hii nilitaka mahali ambapo mtoto wa pwani hawezi kufanya lile analofanya siku zote. Mpe karatasi mtoto wa pwani: hata hajakuuliza achore nini, ameshapiga mstari katikati. Chini bahari, juu mbingu. Akichora soko, mstari upo. Akichora uso wa mamake, nyuma ya kichwa mstari upo. Nikasema, basi twende mahali usipo. Ndipo nikaichagua Kibale, msitu wa mvua ulio magharibi mwa Uganda.

Wanafunzi walikuwa saba, wote wametimiza miaka 18: watano wa Mombasa na Kilifi, na wawili wa Tanga waliovuka Horohoro siku moja kabla, wakalala kwangu.

Jumapili 10 na Jumatatu 11 Agosti: Mombasa, Nairobi, Busia, Kampala

Treni ya asubuhi, daraja la kawaida, shilingi 1,500 kila mtu. Karatasi nzito nilizitia ndani ya bomba la plastiki, yale wanayotumia mafundi wa maji, na bomba hilo ndilo lililotukalisha kwenye ukaguzi. Nikatoa karatasi zote. Askari mmoja akachungulia tundu hili, mwenziwe akachungulia tundu lile, wakaonana, wakaturuhusu.

Basi la usiku kutoka Nairobi lilikuwa 3,000. Lilichelewa saa mbili kwa sababu dereva wa pili hajaonekana. Habari ya njiani siwezi kuisimulia, nililala.

Busia tulifika kabla ya alfajiri. Sisi wa Kenya tulivuka kwa kitambulisho cha taifa, wa Tanga kwa pasipoti. Shida ikawa kadi ya homa ya manjano. Kijana wetu wa Likoni aliiweka ndani ya begi, begi liko kwenye buti, buti limefungwa, na utingo keshavuka ng'ambo kunywa chai. Abiria wakaanza kunung'unika, dereva akawasha injini. Kulikuwa na mama mmoja anayekwenda Kampala kufuata mitumba, jina lake sikulijua hadi tunaagana. Alishuka, akasimama mbele ya basi na leso yake, akasema, "Basi haliendi bila mtoto wa watu. Mkitaka mnikanyage." Likasubiri.

Kwa atakayekwenda: kadi ya manjano na kitambulisho vikae mwilini, si kwenye begi. Mpakani badilisha fedha ya chai na ya choo tu, nyingine utabadilishia mjini. Siku zile shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 27 za Uganda, na kwa mtu asiyezoea kuhesabu maelfu, noti ya elfu hamsini inalevya.

Kutoka Jinja tulipita juu ya daraja jipya la Nile, kisha msitu wa Mabira ukaingia pande zote mbili za barabara. Wanafunzi wakapiga kelele kama wamefika. Mama wa mitumba akawaambia kwamba mwaka 2007 watu waliingia barabarani Kampala kuupinga mpango wa kukata sehemu ya msitu ule ipandwe miwa, na waliokufa walikufa. Alilisema hilo huku akimwita muuza kuku dirishani. Hapo ni Namawojjolo: wauzaji wanakimbilia basi na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, na gonja, yaani ndizi tamu iliyochomwa. Paja 6,000 za Uganda. Gonja ile bado naiota.

Jumanne 12 Agosti: Kampala

Tulilala Kisenyi, ambako Kiswahili kinakufikisha kote. Ukitoka hapo mambo yanabadilika. Serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, lakini ukikisema kwenye taksi (huko taksi ndiyo matatu) watu wazima wanakutazama kwa jicho la pembeni. Kondakta mmoja aliniuliza kama mimi ni mwanajeshi. Kwa kizazi chao lugha hii iliingia na bunduki kiunoni, na mimi nilikuwa na bomba begani.

Asubuhi nikawapeleka kwenye sanamu ya Uhuru. Mama amemwinua mtoto juu, mtoto mikono hewani, na miguuni mwa mama kumezungushwa vitu kama vifungo vinavyolegea. Aliyeichonga ni Mkenya, Gregory Maloba, kwa ajili ya uhuru wa Uganda mwaka 1962. Hakuna aliyekuwa analijua jina hilo. Wamefanya mtihani wa taifa wa sanaa, wamepasi, na Maloba hawamjui. Sikusema kitu, niliwapa dakika arubaini wachore mgongo wa sanamu, upande ambao watalii hawapigi picha. Mchana tukapanda Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, ambako Maloba alisoma, na Sam Ntiro wa Tanganyika pia. Wa Tanga wakavimba vichwa kwa Ntiro.

Jioni, soko la Owino. Nilikuwa nimekusudia kununua kipande kimoja tu cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, niwaonyeshe wanafunzi basi. Muuzaji, bibi wa makamo, alikifungua juu ya magoti yake. Rangi yake ni ya chungu kilichoiva vizuri, harufu yake udongo uliopata mvua ya kwanza. Gome huvuliwa kwenye mti wa mutuba, shina likafungwa majani ya migomba lisikauke, na mti ukaota gome jingine. Lile lililovuliwa linagongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi linapanuka na kulainika, kisha linaanikwa. Pale ambapo tawi lilikuwa limechomoza panabaki tundu, nalo hushonwa kwa mkono. Kipande changu kilikuwa na mishono mitano kama makovu ya chale. Elfu sabini, baada ya kuvutana kutoka elfu mia.

Binti wa Tanga akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii si sanda?"

Muuzaji alilisikia neno, akalielewa. Akasema ndiyo, Waganda, yaani watu wa Buganda, huwazikia wafu wao. Na Kabaka, mfalme wao, akitawazwa huvikwa hiyo hiyo. "Kwa hiyo, mwanangu," akamalizia, "inategemea unakwenda wapi." Nikanunua na cha pili.

Jumatano 13 Agosti: Kampala, Fort Portal, Bigodi

Kama kilomita 300, kupitia Mityana na Mubende, nauli 35,000. Basi huondoka likijaa, na letu lilijaa saa tano. Mubende tukala rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, nyanya na kabichi ndani, 2,500. Baada ya hapo ni mashamba ya chai na baridi. Fort Portal iko mita kama 1,500 juu ya bahari na mimi niliwaambia hawa watoto wabebe sweta. Wawili walibeba.

Kutoka Fort Portal kwenda Bigodi tulichukua gari la kukodi, wenyewe wanaliita speshali, 120,000 kwa wote nane na mizigo. Barabara ya Kamwenge ni lami na inapasua katikati ya hifadhi. Giza lilikuwa linaingia, mvua inaanza, na kwa mara ya kwanza ndani ya gari hakuna aliyekuwa anaongea. Nyani walikuwa wamekaa kando ya lami wamekunja mikono kama wazee wa baraza.

Nyumba ya wageni tuliyoilipia nusu tangu Julai ilikuwa imejaa. Kuna kundi jingine lilikuja na fedha kamili mkononi, nasi tukaambiwa "mtandao ulikuwa chini." Saa mbili na nusu usiku, mvua, watoto wa watu saba. Nisiposema kwamba nililia, wanafunzi watanisemea.

Jirani na hapo kulikuwa na duka la dawa za mifugo, taa yake bado inawaka. Mzee mwenye duka akatoka na mwavuli, akatuuliza kwa Kiswahili tunatoka wapi. Nikashangaa. "Mimi najua Kiswahili ya Kilembe," akasema. "Nilisoma ndani ya shimo." Alikuwa kijana kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe, kabla haujafungwa, ambako watu wa makabila yote waliunganishwa na Kiswahili na vumbi. Aliwaamsha wajukuu zake, wakahamia chumba kimoja, sisi tukapewa viwili. Mkewe akapasha moto maharagwe. Tulikusudia kulala hapo usiku mmoja, tukalala nane. Malipo tuligombana nayo hadi siku ya mwisho, akakubali 15,000 kwa kichwa kwa usiku, pamoja na chakula cha jioni.

Alhamisi 14 Agosti: Kinamasi cha Bigodi

Kwanza majina. Kwa Batooro, wenyeji wa huku, huwezi kuamkiwa bila empaako, jina la heshima na mapenzi. Majina yenyewe ni kumi na mawili tu kwa watu wote, na mila hiyo iliandikwa na UNESCO mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa. Mzee ni Amooti. Mkewe alitupanga ukumbini kama tunachanjwa, akamtazama kila mmoja usoni, akatoa. Mimi Adyeeri. Kijana wa Likoni, ambaye hajui kunong'ona, akawa Araali, radi. Binti wa Tanga Abwooli, paka. Naapa hatukumwambia mtu kwamba nyumbani ana paka sita. Tangu hapo nami nitawaita hivyo, na wenyewe wamefurahi majina yao ya kitambulisho yasipande mtandaoni.

Kinamasi cha Bigodi kinaendeshwa na wanakijiji wenyewe, na ada ya matembezi inarudi kwenye shule na mahitaji ya kijiji. Njia inazunguka, mahali pengine juu ya mbao zilizolazwa matopeni. Kwa asubuhi moja tuliona mbega wekundu, mbega weusi wenye mikia myeupe, na ndege shorobo mkubwa wa buluu anayeruka kama mtu aliyetupwa. Mwongozaji alikuwa na subira ya ajabu, maana kundi la wachoraji halitembei. Ziara ya saa tatu tuliimaliza kwa saa sita.

Hapo Abwooli akasimama ghafla kwenye mbao, nyuma yake tukagongana. "Mwalimu, mkindu!" Ni kweli. Mafunjo, mafunjo, halafu kichaka kizima cha mikindu, ile ile ya ukindu, imesimama kwenye maji meusi mwendo wa siku mbili kutoka baharini. Akaishika kuti kama anayempa mtu mkono.

Ijumaa 15 Agosti: Ndani ya msitu

Tulilipia matembezi ya kawaida ya msituni, si ya kuwafuata sokwe. Kibali cha sokwe kwa watu wanane kingekula bajeti yote. Kwa raia wa Afrika Mashariki bei zote za hifadhi ni za chini sana kuliko za wageni wa mbali, mradi uwe na kitambulisho. Tulitanguliwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya tembo, akatueleza, si kwa ajili yetu.

Kwa atakayekwenda: suruali ndani ya soksi. Usiniulize kwa nini. Haya, ni siafu. Araali aliweka kigoda chake juu ya njia yao, na ile radi yake ilisikika hadi barabarani.

Nikawapa zoezi moja. Kila mtu akae mahali pake, asisonge, saa tatu, achore kilicho mbele yake. Ndani ya nusu saa nikaanza kuzunguka. Araali alikuwa amepiga mstari katikati ya karatasi. Nikamuuliza, huu nini? Akautazama kama ameuona mara ya kwanza. Akaufuta, akaufuta, karatasi kwa unyevu ikachanika pale pale penye mstari.

Maana msitu haukuonyeshi kitu kizima. Hilo nilikuwa nalijua kwa maneno, sikuwa nalijua kwa mkono. Huoni mti, unaona kipande cha shina, juu yake jani la mti mwingine, nyuma yake kamba ya mti wa tatu, na kati yao vitundu vya mwanga visivyokaa mahali pamoja. Shuleni tumefundishwa tuanze na umbo la nje: chora chungu, chora kiatu, kisha tia kivuli. Msituni umbo la nje halipo. Aliyefanikiwa siku hiyo ni mmoja tu, msichana wa Malindi. Alichagua mzizi mmoja wa ule mti wenye mizizi iliyosimama kama mbao za jahazi, akakaa nao umbali wa mkono, akauchora ukubwa wake halisi, akiunganisha karatasi nne.

Kama saa tano hivi tukasikia ngoma. Mapigo mawili, matatu, mazito, halafu sauti ya mtu anayehema kwa nguvu, ikapanda, ikawa mayowe, wakajibu wengine upande wa pili. Askari akacheka kwa jinsi tulivyoganda. Sokwe hupiga mizizi ile ya mbao kwa mikono na miguu kuwaambia wenzao walipo. Hatukumwona hata mmoja, si siku hiyo wala siku nyingine. Msichana wa Malindi akaondoa kiganja chake juu ya mzizi wake taratibu, kama amekuta ni wa mtu.

Kisha mvua. Tulirudi tumeikosa sala ya Ijumaa, tumelowa hadi ndani ya penseli. Karatasi zangu za bei ghali, zile za ndani ya bomba, zilikuwa zimejikunja na kuota madoa. Rangi za maji za jana zilikuwa bado mbichi, na konokono alikuwa amepita juu ya moja akaacha saini.

Jumamosi 16 Agosti: Gome na chaki

Asubuhi mvua tena. Nimekaa barazani natazama wanafunzi saba na karatasi zisizoshika mkaa, nahesabu fedha za wazazi. Mke wa mzee alikuwa anamenya maharagwe yaliyolowekwa, punje kwa punje, kwa ajili ya firinda. Maganda yakitoka yote hupondwa, hutiwa samli, huliwa na akaro, ugali wa wimbi. Tulimsaidia kumenya, kazi ya kumtuliza mtu. (Mmoja wetu aliuliza kama hatutii nazi. Tulimwombea radhi.)

Ndipo nikaukumbuka ule lubugo. Nikautandaza sakafuni, nikapitisha mkaa wa jikoni. Ukashika. Gome lilikuwa kavu na lenye meno, halijali unyevu, mutuba si mgeni wa mvua. Lakini mkaa juu ya kahawia ulizama, hauonekani. Araali akaenda dukani akarudi na pakiti ya chaki za shule, nyeupe, 3,000. Akachora tundu moja la mwanga. Moja tu, umbo la yai lililobonyea. Ghafla gome lote lililobaki likawa msitu.

Sote tuliona kwa wakati mmoja. Giza tayari lilikuwepo, lilikuja na kitambaa. Kazi yetu ni kuchora pale ambapo majani hayapo. Hakuna mstari wa kupiga, maana hakuna umbo la kuzungushia. Nilikata kitambaa cha kwanza vipande sita, mkono unatetemeka, na tukarudi kukaa kwenye ukingo wa msitu nyuma ya shamba la mzee hadi jua lilipozama.

Vipande sita, si saba. Abwooli alikataa. Alikataa kwa adabu, macho chini. Alisema anaelewa habari ya Kabaka na anaelewa kwamba mti hauna kosa, lakini mwezi wa nne amemzika babake na mkono wake hautachora juu ya kitu kinachovaliwa kaburini. Nilitaka kumjibu. Namshukuru Mungu mzee Amooti alinitangulia. "Mwache, Adyeeri. Mkono umesema."

Jumapili 17 hadi Jumanne 19 Agosti

Siku tatu za kazi, hazina hadithi nyingi. Mvua mchana, chaki asubuhi. Usiku mmoja majirani waligonga madebe kumfukuza tembo kwenye migomba, nasi tukakaa vitandani tunasikiliza. Mapaja ya suruali zote meupe.

Abwooli alikwenda kwa akina mama wanaosuka. Nilimkuta Jumatatu amekaa chini katikati yao, miguu imenyooshwa, chane za ukindu mdomoni. Kiswahili chao kidogo, Rutooro yake haipo, lakini kwa Kiganda mkeka ni omukeka, na neno hilo likawatosha wote. Wanasuka ukili kama sisi, mshipi mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Chane zao ni pana kuliko za kwetu na rangi wanapenda zambarau. Mwalimu wake alikuwa mama mmoja, Ateenyi, mcheshi, ambaye kila Abwooli akikosea alimpiga kidogo kwenye goti na ncha ya ukindu. Nilipiga picha nyingi bila kuangalia. Daftari la Abwooli la siku hizo limejaa mikono tu, hakuna nyuso. Ndiyo michoro bora ya safari nzima, kwa maoni yangu, na Araali akikasirika akasirike.

Jumatano 20 Agosti: Maonyesho barazani

Tukatundika kazi kwenye kamba ya nguo barazani kwa mzee. Watoto walikuja wote, wakaweka macho karibu na gome, wakarudi nyuma, wakarudi mbele. Mmoja akaonyesha tundu la mwanga kwenye kazi ya Araali akataja jina la shamba la jirani yao. Ni pale pale alipokuwa amekaa! Mfanyabiashara mmoja Mganda aliyekuwa anapita na pikipiki alisimama, akavua kofia, akamuuliza mzee kwa upole ni nani aliyefariki. Ikabidi aelezwe. Alicheka hadi akakaa, kisha akanunua kimoja kwa elfu themanini. Kwa hesabu yangu lubugo wa kwanza umejilipa na chenji imebaki.

Alhamisi 21 hadi Jumamosi 23 Agosti: Kurudi

Fort Portal asubuhi mawingu yalifunguka dakika kumi na Rwenzori ikaonekana, nyeupe juu, mbali sana. Hakuna aliyetoa daftari. Busia afisa mmoja alitaka kujua kwa nini nimebeba vitambaa vya mazishi vimechorwachorwa, nikamwonyesha picha za watoto barazani, akaita wenzake waje watazame. Kwa jumla, nauli, malazi, chakula, ada na vifaa, kila mmoja alitumia kama shilingi 23,000 za Kenya. Ukisafiri wawili itazidi, kwa sababu ya gari la kukodi.

Ukili wa Bigodi, kama pima moja, Abwooli alinipa mimi. Alisema mamake hasuki, ila anajua kwangu kuna bibi.

Bibi yangu ni wa Faza, yuko nasi Kisauni, macho yamepungua. Nilimwekea mapajani bila kusema kitu. Akaupitisha vidoleni kama anayevuta tasbihi, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Chane nene," akasema. "Na huyu aliyesuka ni mashoto."

Nikafungua simu. Picha ya kwanza ya Ateenyi, ya pili, ya tatu. Ukindu uko mkono wa kushoto, zote.

"Umejuaje, bibi?"

Hakunijibu. Alikuwa ameshaanza kuifumua ncha kutafuta pa kuungia. "Niletee maji," akasema, "huu umekauka sana."